Sanduku la chini ya meza: nani analipa kuran yake?



Leo nataka kukosoa kitu ambacho watu wa informatiki wanapenda kukimaliza wao kwa wao: ni mashini gani iwekwe kati ya intaneti na chumba cha ordinatere, ili ifanye kazi ya ruta na kazi ya parefe kwa pamoja (waliosomea Kenya ao Uganda wanasema fayawoli). Nakileta mbele ya wote, wa sheria, wa uchumi, wa ualimu, juu feza inayonunua mashini hiyo si ya mtu wa informatiki. Ni michango ya wanafunzi, ni kasha la parokia, ni feza ya kituo cha afya. Mwenye kutia sahihi ni papa mkurugenzi ao mama mhasibu, na mara nyingi hajui ametia sahihi juu ya nini. Anaambiwa tu: "Papa, iko sawa, ni mashini nzuri." Miezi sita kisha, wanafunzi wenye kumaliza TFC wanakaa mbele ya ekrani zisizofungua kitu, na kila mtu analaumu kampuni ya intaneti.

Kwanza tuelewane juu ya kitu chenyewe. Zamani ukitaka ruta yenye nguvu na parefe ya kweli, ulinunua sanduku lililofungwa, lenye jina kubwa, na kila mwaka ulilipia leseni. Mwaka 2003 kijana mmoja wa Uswisi, Manuel Kasper, alitoa programu ya bure yenye kuitwa m0n0wall: unaiweka ndani ya ordinatere ya kawaida yenye kadi mbili za rezo, na ordinatere hiyo inageuka ruta na parefe. Mwaka 2004 wengine walichukua kazi yake wakaanza pfSense. Januari 2015 watu wa Uholanzi nao wakajitenga na pfSense wakatoa OPNsense, na mwezi uliofuata Kasper akafunga m0n0wall na kuwaelekeza watu wake OPNsense. Zote zinasimama juu ya FreeBSD, na chujio la pfSense na OPNsense, pf, lilizaliwa ndani ya OpenBSD mwaka 2001. Hizi mbili za leo, pfSense na OPNsense, njo ambazo vijana wetu wanafunga kwa maofisi, na programu zenyewe sina neno baya nazo. Ni kazi nzuri, na matoleo ya kawaida unayapata bila kulipa hata franka moja.

Ugomvi wangu uko na mashauri juu ya chuma. Programu ni ya bure, lakini lazima ikae ndani ya kitu, na hapo njo tunakosea. Mashauri yanayozunguka ni mawili. La kwanza: "Chukua ordinatere yoyote ya zamani iliyo kwa depo, itatosha." La pili, la wale wenye kuangalia video nyingi: "Nunua yenye prosesa kubwa na memori nyingi, usije ukajuta." Yote mawili yametungwa na watu wenye fibre ya gigabiti moja nyumbani, na kuran isiyokatika, na duka la vipuri lenye kuleta kitu kesho yake asubuhi. Sisi tunayakopi kama yalivyo. Tunakopi hata woga wao.

Tuanze na huo woga wa prosesa, juu hesabu yake ni fupi. Ruta haihesabu megabiti, inahesabu paketi. Paketi kubwa za kawaida zikijaza mstari wa gigabiti moja kwa sekunde, zinapita kama 81,000 kila sekunde. Zikiwa ndogo kabisa, zinafika karibu milioni 1 na laki 5. Kazi hiyo ni kubwa kweli, na mtu wa Ulaya ana haki ya kuulizia prosesa. Sasa weka mstari wa megabiti 10, ule ambao ofisi nyingi za kwetu zinalipia kwa maumivu. Paketi kubwa zinakuwa kama 800 kwa sekunde. Hata mstari wote ukijaa paketi ndogo kabisa, jambo ambalo halitokei kwa siku za kawaida, hazipiti 15,000. Prosesa yoyote iliyotengenezwa katika miaka kumi na tano iliyopita inafanya kazi hiyo huku inasinzia. Mtu akikuletea risiti ya prosesa ya Core i7 kwa ajili ya mstari wa megabiti 10, amekununulia lori la kubebea kilo moja ya sukari.

Memori ni vile vile. Parefe inakumbuka kila mazungumzo yaliyofunguliwa, na kila kumbukumbu inakula kama kilobaiti 1. Kila mazungumzo yanaandikwa mara mbili, kwa kuingia na kwa kutoka. Chumba chenye ordinatere 20 na simu 40, kila moja na mazungumzo 100 wazi kwa mara moja (ni mengi hayo), kinafikia kumbukumbu 12,000, yaani megabaiti 12. Gigabaiti 2 zinatosha na kubaki. Ukitaka kuongeza Suricata, ile programu ya kunusa mashambulizi ndani ya paketi, hapo ndiyo, weka gigabaiti 4 ao 8. Lakini jiulize kwanza: nani atasoma hayo maonyo? Nimeona chumba ambacho Suricata ilikuwa inaandika kurasa na kurasa za maonyo kila siku, na mtu wa mwisho kuzifungua alikuwa ameisha hama mji.

Kuna tena hadithi ya AES-NI, ile sehemu ya prosesa yenye kusaidia kusimba siri. Mwezi wa tano 2017 wenye pfSense walitangaza kwamba toleo 2.5 halitakubali prosesa isiyo nayo. Watu walishtuka, wengi wakatupa mashini nzima nzima, wengine wakanunua mpya mbio mbio. Toleo 2.5 lilipotoka, Februari 2021, sharti hilo halikuwamo. Walikuwa wamelirudisha nyuma. Na mpaka leo bado utasikia kijana anakuambia bila AES-NI huwezi. Kama uko na VPN ya kuunganisha ofisi ya Bukavu na ya Goma juu ya megabiti 10, hata Core 2 Duo ya zamani inasimba hizo megabiti bila kutoka jasho. Sharti la kweli lilikuwa lingine, nalo halikupigiwa kelele nyingi: tangu toleo 2.4 la Oktoba 2017, pfSense haikubali tena prosesa za biti 32. Kwa hiyo zile Pentium 4 za depo, nyingi zake hazifungi kabisa toleo la leo. Mwenye kukushauri "yoyote ya zamani" angekuambia hilo mbele.

Kitu ambacho mstari mdogo unahitaji sana ni foleni nzuri, na nguvu za prosesa hazisaidii hapo. Mtu mmoja anapandisha video, modemu inajaza paketi zake ndani ya tumbo lake, na wengine wote wanangoja sekunde mbili, tatu, kwa kila ukurasa. Mstari haujakufa, umeziba tu. Dawa yake inaitwa FQ-CoDel, imeandikwa rasmi tangu Januari 2018, na pfSense na OPNsense zote ziko nayo. Unaiambia ruta ipitishe megabiti 9 kwa mstari wa 10, ili foleni ijipange ndani ya ruta, pasipo kuwa ndani ya modemu, na ruta inagawa zamu kwa haki. Kwangu mimi hii njo sababu ya kwanza ya kuweka ruta ya programu katika chumba cha wanafunzi, mbele ya VPN, mbele ya parefe yenyewe. Na haiombi mashini ya bei.

Sasa tufike kwa lile sanduku la zamani. "Papa, hii iko ya bure, tuko nayo kwa depo." Ordinatere ya mnara ya wakati wa Core 2 inakula wati kama 50 mpaka 80 hata ikiwa haifanyi kazi kubwa. Tuseme 60. Ruta haizimwi usiku. Wati 60 mara masaa 24 ni kilowati-saa 1.44 kwa siku, na kwa mwaka ni kama 525. Sanduku dogo la wati 10 linakula kama 88. Zidisha tofauti hiyo kwa bei unayolipa pale kwako. Kwa mfano wa hesabu tu, ukilipa senti 25 za dola kwa kilowati-saa moja, mashini ya bure inakula dola 131 kwa mwaka, ile ndogo dola 22. Yaani "bure" imekulipisha zaidi ya dola 100 kwa mwaka wa kwanza, na mwaka wa pili tena, na hakuna aliyetia sahihi juu ya hizo dola. Zimejificha ndani ya faktura ya umeme, pamoja na taa na feni.

Na huko ni pale kuran iko. Delestaji ikiingia, hesabu inakuwa kali zaidi. Batiri moja ya volti 12 na amperi-saa 100 inabeba wati-saa 1,200 kwa karatasi. Ya asidi hupaswi kuishusha chini ya nusu kama unataka idumu, kwa hiyo uko na 600. Mnara wa wati 60, ukihesabu na kile kinachopotea ndani ya inverta, unachukua kama 70: masaa nane na nusu, kisha giza. Sanduku la wati 10 lenye kula volti 12 moja kwa moja, bila kupitia inverta, linakwenda masaa 60. Batiri ni ile ile. Ukiwa na grupe badala ya batiri, ni esanse unayoichoma, na kila mtu hapa anajua bei ya esanse inavyoruka.

Kwa hiyo neno la kwanza kuuliza juu ya mashini ya ruta lisiwe "prosesa gani?" Uliza: inakula wati ngapi, na inakula volti ngapi? Yenye kuingiza volti 12 ina thamani kwetu ambayo orodha za ng'ambo hazitaji hata kwa mstari mmoja. Angalia tu kwamba batiri haikai kwa 12 kamili. Ikichajiwa inapanda mpaka 14 na zaidi, ikichoka inashuka kuelekea 11. Weka katikati kifaa cha kutuliza volti, ao chagua mashini yenye kukubali upana huo.

Kuna jambo lingine dogo linaloumiza watu kuliko yote niliyokwisha sema. Kuran imekatika, imerudi saa nane ya usiku. Je, mashini inajiwasha yenyewe? Ndani ya BIOS kuna mahali pa kuchagua: kuran ikirudi, baki umezimika ao jiwashe. Ordinatere nyingi za ofisi zinatoka kiwandani zikiwa zimewekwa kubaki. Utabadilisha, sawa. Lakini mnara wa miaka kumi na mitano, ile batiri yake ndogo ya mviringo, CR2032, imekwisha kufa zamani. Kila kuran inapokatika BIOS inasahau yote, hata saa na tarehe, na inasimama pale na ujumbe wa kuomba ubonyeze F1. Kibodi haipo, ekrani haipo, mlinzi hajui. Asubuhi watu wote wanakuta hakuna intaneti na wanapigia kampuni. Batiri hiyo inapatikana sokoni kwa bei ya kitu kidogo sana, na sijawahi kuona mashauri ya "yoyote ya zamani itatosha" yanayoanza kwa kuibadilisha.

Disiki pia. Kukatika kuran katikati ya kuandika kunaharibu mafaili. Mfumo wa zamani wa FreeBSD, UFS, ulikuwa unaumia sana hapo. Mara nyingine pfSense haikuamka mpaka mtu aje kuitengeneza kwa mkono. Tangu toleo 2.4 unaweza kuchagua ZFS unapofunga, na inavumilia makofi hayo vizuri zaidi. Chagua ZFS, na weka SSD ndogo ya kweli. Usitumie ufunguo wa USB kama disiki: programu inaandika kumbukumbu zake kila wakati, na ufunguo unachakaa kimya kimya.

Tena vumbi. Mwenye kuishi Goma hahitaji nimweleze vumbi la mawe ya volkano, na Lubumbashi wakati wa kiangazi wana lao jekundu. Feni inalivuta ndani siku zote. Mashini isiyo na feni, yenye kupoza kwa mwili wake wa chuma, haina cha kuvuta.

Hapa niseme juu ya kadi za rezo, maana njo sehemu ambayo mashauri ya ng'ambo yana haki na sisi hatusikilizi. Watu wa FreeBSD wanarudia kila siku: tafuta Intel, epuka Realtek. Wengi wetu tunadhani ni majivuno ya jina, lakini asili yake iko ndani ya chuma chenyewe. Kadi ya Realtek 8139, iliyojaza mashini za bei ndogo miaka ile, ilitengenezwa kwa namna ambayo prosesa ililazimika kukopi kila paketi kwa mkono wake, ikiingia na ikitoka. Bill Paul, aliyeandika programu ya kuiendesha chini ya FreeBSD, aliacha ndani ya faili lenyewe maelezo ya kuichekelea kadi hiyo, na yamebaki humo. Zilizokuja nyuma, za gigabiti, ni bora, lakini chini ya FreeBSD bado ziko na tabia ya kusimama wakati mzigo ukizidi, zinatoa ujumbe wa "watchdog timeout", kisha zinarudi. Kwa mtumiaji ni intaneti yenye kukatika sekunde chache bila sababu. Ukiwa nayo tayari, usiitupe: OPNsense ina nyongeza yenye programu ya Realtek wenyewe, na mifumo ya Linux kama OpenWrt ao IPFire inaelewana nayo vizuri. Ila ukiwa unanunua, lipia Intel.

Lakini "Intel" si neno la uchawi. Kadi bandia za Intel ziko nyingi sokoni, hasa zile za matundu manne, na bei ya ajabu ya chini njo alama yake ya kwanza. Na Intel wenyewe wamekosea. Kadi yao i225 ya gigabiti 2.5 ilitoka na matoleo ya kwanza yenye kudondosha paketi, mpaka toleo B3 likatengeneza. Kubwa zaidi lilikuwa la prosesa Atom C2000, ambazo zilikuwa ndani ya masanduku mengi ya ruta, hata ya bei kubwa. Mwanzoni mwa 2017 ilijulikana kwamba sehemu moja ya saa ndani yake inachakaa. Cisco, ambao nao walikuwa na vifaa vyenye kipande chenye kasoro kama hiyo, walitangaza Februari kwamba vinaweza kuanza kufa baada ya kama miezi 18, na vikifa haviamki. Ukiona leo sanduku la okazyo lenye Atom C2358 ao C2558 kwa bei nzuri, uliza kwa nini bei ni nzuri.

Kadi ya rezo ya kuchomeka kwa USB, hapana. Kwa laptopu ya safari sawa, kwa ruta ya chumba kizima hapana.

Basi tuchukue nini? Kwa miaka mingi jibu lilikuwa jepesi: APU2 ya PC Engines, kampuni ndogo ya Uswisi. Matundu matatu ya Intel, gigabaiti 2 ao 4, bila feni, volti 12, wati 6 mpaka 12. Wakosoaji wa Ulaya waliidharau juu haikujaza gigabiti nzima kwa mazungumzo moja chini ya FreeBSD. Kwa mstari wetu dharau hiyo haina maana yoyote. Kwangu ni moja ya mashini zilizotufaa kuliko zote, hata kama aliyeitengeneza hakutuwaza. Mwaka 2023 kampuni ilitangaza kwamba inaacha kuitengeneza. Ukiipata ya okazyo, nzima, chukua bila kusita, lakini usijenge mpango wa ofisi tano juu ya kitu kisichotoka tena kiwandani.

Nafasi yake imechukuliwa na masanduku madogo ya Uchina yenye prosesa N100 na matundu manne, ambayo wafanyabiashara wetu wanaweza kuagiza. N100 ilitoka 2023, inakula kidogo, haina feni ndani ya masanduku hayo, na nyingi zinaingiza volti 12. Kwa karatasi ni nzuri. Kasoro yake ni nyingine: mengi hayana jina la kudumu. Mtengenezaji leo yuko, kesho ametoweka. BIOS yenye kasoro haitapata sahihisho. Na kwa kuwa prosesa ina nguvu za ziada, kijana anaanza kutamani: aweke ndani yake Proxmox, na ndani ya Proxmox aweke pfSense, na serveri ya mafaili, na tovuti ya shule. Siku Proxmox inakataa kuamka, vyote vinalala pamoja, na huna hata intaneti ya kutafuta dawa. Ruta iwe ruta. Nguvu zinazobaki zibaki.

Kwa hukumu yangu, chumba chenye bajeti ndogo kinafaidika zaidi na mashini ndogo za ofisi zilizokwisha kutumika Ulaya, zile za kuunganisha watu kwa serveri: HP t620 Plus, Fujitsu Futro S920. Zilijengwa kukaa zimewashwa siku nzima kwa miaka, zinakula kidogo, na tofauti na ndugu zake nyingi, hizi mbili ziko na nafasi ndani ya kuchomeka kadi ya Intel. Zinaingia na makontena pamoja na ekrani na mafriji, na muuzaji mara nyingi hajui thamani yake, anaziita "ordinatere zisizo na disiki" na kuzipunguzia bei. Ile isiyo na nafasi ya kadi nayo haijapotea: ukiwa na swichi yenye kuelewa VLAN, tundu moja linatosha kupitisha intaneti na chumba kwa waya mmoja. Kwa megabiti 10 ao 20 hutaona tofauti. Hesabu tu bei ya hiyo swichi, na mtu wa kuielewa.

Na nisimfiche mtu: vyumba vingine havihitaji chochote kati ya hivi. Ordinatere sita, mstari mmoja, hakuna VPN, hakuna ripoti. Pale MikroTik ndogo kama hEX inafanya kazi yote. Inakula chini ya wati 10, na karibu kila mji wetu mkubwa una kijana mwenye kuifahamu. Fundi akikudharau juu umechagua hiyo, mwambie akuonyeshe kitu kimoja utakachofanya wewe ambacho MikroTik haifanyi. Akisema "ripoti za nani anatembelea wapi", ao "kuchuja majina kwa kina", ao "Suricata, na mtu wa kuisoma tuko naye", basi ana hoja. Akisema "hii ni ya kitaalamu zaidi", hana.

Mnara wa zamani nao, sisemi uuzwe kwa kilo. Kazi yake iko, ni ile ya kungoja. pfSense na OPNsense zinaandika mipangilio yote ndani ya faili moja la XML. Ulihifadhi hilo faili kwa ufunguo wa USB kila unapobadilisha kitu. Funga programu ile ile, toleo lile lile, ndani ya mnara, badilisha CR2032 yake, weka kadi mbili, uache umezimwa juu ya rafu. Ruta ndogo ikifa siku ya kutoa memwari, unawasha mnara, unaupa faili, na ndani ya nusu saa chumba kinarudi. Utakula wati 60 kwa wiki mbili, siyo kwa miaka minne. Ujue tu kwamba majina ya kadi yatabadilika, kadi ya Intel yenye kuitwa igb0 kule itaitwa em0 ao re0 huku, na programu itakuuliza ipi ni ya intaneti na ipi ni ya chumba. Jaribu hilo siku ya amani, jumamosi moja, pamoja na mtu wa pili asiye wa informatiki. Kisha andika kwa karatasi tundu gani ni la modemu na gani la swichi, na uibandike juu ya sanduku kwa skochi, juu mwenye kufagia atachomoa waya siku moja ili asogeze meza.